Enduru Iliyopigwa kwa Ajili ya Mpira

Harufu ya mpira, kwangu mimi, ni harufu ya samli. Watoto wa siku hizi wakitaja mpira wanafikiria televisheni na jezi. Mimi nikisikia neno hilo, pua yangu inakimbia mpaka kwenye msonge wa baba yangu juu ya mlima wa Kanyinya, ambako kaka yangu Ishengoma alikuwa akiulaza mpira wa ngozi darini juu ya mafiga. Kila jioni aliushusha, akaupakata, akaupaka samli kwa kidole kimoja ili usipasuke. Samli, ngozi ya ng'ombe, moshi wa kuni, na chini yake ndizi zinachemka na maharage. Mama alikuwa akinuna. "Samli ya kutia kwenye mboga unampaka huyo yatima wako," anasema. Ishengoma anacheka tu, anaendelea kusugua mishono. Nilikuwa binti mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yameota upya, na niliona fahari kubwa kwamba kitu kile kilikuwa kinalala kwetu na si kwa mtu mwingine. Ningejua kinatuletea nini, ningekitumbukiza motoni kwa mikono yangu.

Wakati huo Mwingereza bado anatawala, na Mkama wetu, mfalme wa Karagwe, bado ana ngoma zake. Kanyinya ulikuwa mlima wa wakulima. Vibanja vyetu vya migomba na kahawa vilishikana hivi kwamba mvua ikinyesha ungeweza kutembea nyumba hadi nyumba bila kulowa kichwa. Ng'ambo ya bonde kulikuwa na mlima wa Rwenkende, na huko wengi walikuwa wafugaji. Katikati yetu palikuwa na rweya, yaani ule uwanda mpana wa majani usio na mwenyewe, wao wakilisha ng'ombe na sisi tukikata nyasi za kutandika sakafuni. Chemchemi ilikuwa moja. Soko lilikuwa moja, Nyaishozi. Msiba ukitokea kwao tulibeba ndizi, ukitokea kwetu walibeba maziwa. Hata dini haikututenga, maana kila mlima ulikuwa na Walutheri wake na Wakatoliki wake, na Jumapili kila mtu alikwenda kwake na jioni tukakutana kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Baba yangu, Rwezaura, alikuwa na rafiki kule Rwenkende aitwaye Kabyemera. Nikisema rafiki usidhani ni mtu wa kunywa naye pombe tu. Walikuwa wamenywana. Kwetu sisi Wanyambo kunywana ni hivi: mnachanjwa karibu na kitovu, tunda moja la kahawa linapasuliwa, mle ndani mna punje mbili zimelala kifua kwa kifua kama mapacha, kila punje inapakwa damu, wewe unameza ya kwake kutoka kiganjani mwake, naye anameza ya kwako. Kuanzia hapo mtoto wake ni mtoto wako. Binti yake haolewi na mwanao, ni dada yake. Na ukija kumwaga damu ya munywani wako, yaani huyo mliyenywana naye, ile punje iliyo tumboni haijafa, ilikuwa imelala tu. Inaamka, inavimba, inakupasua. Hayo tuliyajua kabla hatujajua kuhesabu vidole. Kabyemera alikuwa mtu mrefu, mwenye maneno ya kuchekesha, na mimi na binti yake Paskazia tulikuwa rika moja, tukilala leo kwao kesho kwetu. Hata ile samli ya mpira ilitoka kwake. Alikuwa anamwambia Ishengoma, "Mwanangu, ukifunga goli, nusu ni la ng'ombe wangu."

Aliyeleta mpira ni kijana mmoja tuliyekuwa tukimwita Kampala, kwa sababu alikuwa ametoka huko kukata miwa na hakuacha kutuambia. Alirudi na kofia, na baiskeli, na mpira umefungwa kwenye baiskeli kama kuku wa sokoni. Vijana wakampokea kama nabii, na mpira akakabidhiwa Ishengoma autunze. Mara Kanyinya ina timu, na Rwenkende nao, hawataki kupitwa, wakashona mpira wao, wakawa na timu. Mwanzo ilikuwa raha. Tukiteremka rweyani na ndizi mbivu vichwani, tunakaa majanini, tunashangilia hata tusichokielewa. Lakini Kampala alisema mpira bila washangiliaji ni harusi bila ngoma, akakusanya vijana wasiojua kucheza wala kulima, wakajipaka jivu usoni, wakajiita Chui. Rwenkende nao wakatoa wa kwao, wakajiita Nyuki, na kila mmoja ana fimbo ya kuchungia. Hapo ndipo raha ilipoanza kuchacha. Chui wanaimba kwamba watu wa Rwenkende wananuka mkojo wa ng'ombe. Nyuki wanajibu kwamba sisi tunazikana na migomba yetu kwa sababu hatuna kingine cha kurithi. Mawe yakaanza kuruka baada ya mchezo. Kijana wa kwetu akavuliwa kanzu njiani, akarudi nyumbani amejifunika jani la mgomba. Na siku moja nilikwenda chemchemini, mwanamke wa Rwenkende ambaye siku zote alinitwisha mtungi wangu akanitazama, akatema mate pembeni, akaniacha. Mtu mzima na akili zake! Kwa ajili ya mpira! Nilirudi nyumbani na mtungi nusu, nikalia, si kwa uzito wake, kwa kushangaa.

Sasa niwaambie habari ya enduru, maana ndiyo iliyotuua. Enduru ni yowe. Unapiga kwa sauti yote huku kiganja kinagongagonga mdomo, uuu-wi, uuu-wi, mpaka koo linawaka. Usiichanganye na vigelegele. Vigelegele ni vya bibi harusi na mtoto mchanga. Enduru ni ya fisi zizini, ya moto, ya mwizi, ya mtu anayeuawa. Anayeisikia anaipokea na kuipiga tena ili mlima wa pili nao usikie. Na sheria yake ni fupi: huulizi, hutembei, huji mikono mitupu. Kila msonge ulikuwa na mkuki umeegemezwa mlangoni kwa kazi hiyo tu. Asiyetokea, kesho yake anaulizwa alikuwa wapi, na mara nyingi unakuta yeye ndiye aliyekuwa na mbuzi wa watu.

Basi Kampala akapata wazo. Siku ya mchezo mkubwa, baada ya kahawa kuvunwa, Chui wasishangilie goli kwa vigelegele kama wanawake. Wapige enduru. "Wakiisikia hiyo," alisema akiwa amekaa uani kwetu na mdomo umejaa ndizi zetu, "miguu yao yote inakuwa uji." Vijana wakacheka mpaka wakashika mbavu. Bibi yangu, mama yake Baba, alikuwa anaanua kahawa kwenye mikeka. Akaacha. Akamwendea Kampala, akasimama juu yake.

"Wewe mtoto, unasema mtapiga nini?"

"Shikamoo bibi. Ni mchezo tu, bibi."

"Kama ni mchezo, shangilieni mchezo. Vigelegele vimewakosea nini? Enduru ni mkuki wa sauti. Ukishaurusha haurudi mkononi."

"Bibi, huko Kampala..."

"Huko Kampala mama yako hayuko. Yuko hapa, na enduru ikipigwa atatoka na mwiko."

Wakacheka tena, na Bibi akarudi kwenye kahawa yake akinung'unika. Waswahili wanasema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Usaha wenyewe tuliuona kwa macho.

Siku hiyo ilikuwa Jumapili mchana. Jua lilikuwa kali, majani ya rweya yamekauka na kunuka kama mkate, na watu walikuwa wengi kuliko siku ya mnada. Baba hakuja. Alidharau mpira kupita kiasi. "Watu wazima wanafukuza ngozi ya ng'ombe aliyekwisha kuliwa," ndivyo alivyosema, akabaki kibanjani akipogoa migomba, na wazee wengi walifanya hivyo hivyo. Mimi na Paskazia tulikaa pamoja karibu na goli la Rwenkende, kapu la ndizi mbivu katikati yetu, kwa sababu hatukuona kwa nini tukae mbalimbali. Chui walikuwa nyuma yetu upande mmoja na Nyuki upande mwingine. Refa alikuwa karani wa kununua kahawa kutoka Nyaishozi, amevaa kaptula na soksi ndefu. Hakuwa wa kwetu wala wa kwao, ndiyo maana wote walimchukia sawasawa.

Walikimbia, wakaangushana, wakapuliziwa filimbi, na jua likaanza kuinama bila goli. Ndipo Ishengoma alipoupata. Namwona mpaka sasa, miguu mitupu, vumbi mpaka magotini, anawapita mmoja, mwingine, anampita golikipa aliyelala chini, anapiga. Mpira ukaenda sawasawa katikati ya miti miwili ya goli. Na hapo katikati ya miti, jamani, alikuwa amesimama ng'ombe. Bihogo, jike la Kabyemera, la rangi ya kahawia, pembe zimepaa juu kama mikono ya mtu anayeomba mvua. Alikuwa amejisogeza polepole nyuma ya golikipa anatafuta majani mabichi. Mpira ukampiga tumboni, puu, ukarudi uwanjani. Bihogo akageuza kichwa, akatazama, akaendelea kutafuna.

Kwanza watu wakatazamana. Kisha rweya zima likacheka, Kanyinya na Rwenkende, mpaka watu wakalala chini. Nawaambia kweli, ndiyo mara ya mwisho nilisikia milima ile miwili ikicheka pamoja.

"Goli! Limeingia!"

"Limeingia wapi? Ng'ombe kadaka!"

"Ng'ombe ni wa kwenu, kwa hiyo ni mchezaji wenu! Mmezidi mmoja!"

"Basi kama ni mchezaji wetu ni halali kudaka! Mpeni jezi!"

Kabyemera mwenyewe alikuwa anashuka polepole na fimbo yake kuja kumwondoa ng'ombe, machozi ya kicheko yanamtoka. "Msimsumbue Bihogo," alipaza sauti, "amechoka, anaomba kubadilishwa!" Tukacheka upya. Lakini refa hakucheka. Alikuwa anatoka jasho, anatazama huku na huku. Halafu akapuliza filimbi, akaonyesha katikati ya uwanja. Goli.

Na Chui wakapiga enduru.

Sikuwahi kuisikia ikipigwa na watu wengi hivyo kwa pamoja. Sauti iliingia kwenye mifupa. Paskazia alinishika mkono, kucha zake zikaniingia, uso wake umekuwa wa majivu. "Koku," akaniambia, "nani anauawa?" Nilitaka kumwambia hakuna, ni goli tu, lakini meno yangu mwenyewe yalikuwa yanagongana. Mwili ulikuwa hauniamini. Halafu nikasikia kutoka juu Kanyinya mwanamke mmoja ameipokea. Uuu-wi. Akapokea wa pili. Ikaruka bonde, Rwenkende nao wakaipokea, ikaenda mlima wa nyuma ambao hata watu wake hatuwajui, mpaka nchi nzima ikawa inalia. Na Chui, wapumbavu wale, walikuwa wanarukaruka kwa furaha. Walidhani milima inawashangilia.

Nyuki nao walisikia enduru na kuona watu wenye jivu usoni wakiwarukia. Wao walielewa jambo moja tu. Fimbo zikainuka. Sikuona nani alipiga kwanza, na asikudanganye mtu kwamba aliona. Niliona mtu mmoja ninayemjua, mwimbaji wa kanisani kwetu, ameshika jiwe kwa mikono miwili anampondea mwenzake mgongoni. Niliona refa anakimbia na soksi zake. Niliona Kampala ametupa kofia yake anakimbilia mtoni, jivu na jasho vinatiririka usoni kama tope. Na nilimwona kaka yangu Ishengoma, amesimama katikati bado anauliza, "Ni nini? Ni nini jamani?" mpaka fimbo ikamshukia kichwani, akaanguka kama mgomba uliokatwa.

Kabyemera alifika kwake kabla ya mtu yeyote. Alimwinamia kama kuku anavyofunika vifaranga, magoti huku na huku, fimbo zikimwangukia yeye mgongoni. Alirarua kanzu yake, akainama, akaanza kumfunga kichwa, na damu ilikuwa nyingi, na mikono yake yote ilikuwa shingoni na usoni kwa kaka yangu.

Basi wanaume wakaja. Enduru inaita na wao wakaja, kutoka kila upande, mbio, na mikuki, na miundu ya kupogolea, na mama yake Kampala kweli alikuja na mwiko. Walikuta watu wanauana na kila mmoja akamwona mtoto wake ndani. Hakuna aliyeuliza. Enduru haiulizwi. Baba yangu aliteremka mlima na jasho la kibanjani bado linamwagika, mkuki mkononi, na kitu cha kwanza alichokiona ni mwanawe wa kiume chini, amelowa damu, na mtu mgongo wazi amemkalia, mikono shingoni mwake.

Nilipiga kelele, "Baba, ni Kabyemera!" Lakini katika kelele zile nani asikie sauti ya mtoto?

Mkuki uliingia begani kwa nyuma. Nilisikia mlio wake. Sitaueleza. Yule mtu aligeuka polepole sana, kama mtu aliyeitwa jina lake, na Baba akauona uso.

"Rwezaura," Kabyemera alisema, "ni mimi. Mtoto anapumua."

Baba alikuwa ameuachia mkuki. Mikono yake ilikuwa bado mbele, imekunjwa kushika kitu ambacho hakimo tena. Paskazia alikuwa ameniachia mkono wangu. Waliokuwa karibu waliona, na walijua, wote walijua kwamba wale wawili wamenywana, na fimbo zikaanza kushuka moja baada ya nyingine. Ukimya ukaenda ukipanuka kama maji yaliyomwagika, mpaka nikasikia ng'ombe wanang'oa majani. Mama yangu baadaye alisema Mungu alitumia dhambi moja kubwa kuzuia nyingi. Mimi sijui. Mimi niliona tu baba yangu amepiga magoti, amejishika tumbo.

Hakuna aliyekufa. Vichwa vilipasuka, mikono ilivunjika, Ishengoma alikaa wiki nzima haoni vizuri. Kabyemera alipelekwa kwa machela hadi zahanati ya misheni, wakamshona, wakamrudisha akiwa na homa. Mkungu, aliyekuwa mkuu wa eneo letu chini ya Mkama, alikuja na askari wake. Akataka mpira. Akauinua mbele ya watu wa milima yote miwili, akauchoma kisu. Ukatoa pumzi, pfuuu, na ile harufu ya samli ikatoka ikatufikia wote. Sijaisahau.

Lakini vita ya nyumbani kwetu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Baba alikuwa anangoja kufa. Hakusema kwa maneno. Kila asubuhi alivaa kanzu yake nyeupe ya kanisani, akakaa kwenye kigoda mlangoni, mikono juu ya tumbo, anasikiliza. Hakula. Alimwonyesha Mama mipaka ya kibanja. Alimwonyesha Ishengoma migomba ipi aikate na ipi aiache. Mashavu yakaingia ndani, na tumbo, nasema nililoliona, lilikuwa gumu na limejaa. Bibi alimkaripia. "Unavimba kwa njaa, mpumbavu wewe. Kula." Mwinjilisti akaja na Biblia yake, akamwambia punje ya kahawa haina nguvu juu ya mtu aliyebatizwa. Baba alimtazama kwa upole. "Mwinjilisti," alisema, "wewe hukuimeza." Mimi nilikuwa nikiamka asubuhi nakwenda moja kwa moja mlangoni kutazama kama kifua kinapanda. Kifua kinapanda, basi naweza kwenda kuchota maji. Hivyo ndivyo nilivyoishi. Mtoto hapaswi kuishi hivyo.

Kabyemera alituma watu mara kadhaa, njoo, nataka kukuona. Baba alitikisa kichwa. Aende na uso gani? Mpaka siku moja tukasikia watu wanapanda mlima wakihema. Ilikuwa machela. Mbele waliobeba walikuwa Chui, nyuma Nyuki, na aliyeshika mpini wa kwanza, amenyong'onyea, ni Kampala. Paskazia alitembea pembeni, anamfukuzia baba yake nzi kwa jani. Mama na mimi tukapiga magoti kuamkia. Wakamshusha uani, akajiinua kwa mkono mmoja, amekonda, uso wa mgonjwa, lakini ule mdomo wake ulikuwa mzima.

"Rwezaura! Nimebebwa bonde zima kama bibi harusi kwa sababu yako, na wewe umekaa hapo umevaa kanzu. Unaoa?"

Baba aliinamisha kichwa. "Munywani wangu, usinisemeshe. Inavimba."

"Nani kavimba? Hebu nikuulize. Siku ile tulipokula kahawa uliahidi nini?"

"Kuja ukiita."

"Enduru ilipigwa. Ulikuja?"

"Nilikuja."

"Ulikuja mikono mitupu?"

Baba alianza kulia.

"Na mtoto wangu ni nani? Ishengoma ni mtoto wangu au si wangu?"

"Ni wako."

"Basi ulimkuta mtoto wetu chini na mtu asiyejulikana kamkalia. Ukachoma. Ungeacha kuchoma, hapo kahawa ingekupasua, na mimi ningeshangilia. Tena," akasema, akitazama bega lake kwa dharau, "umechoma vibaya. Begani! Ningekuwa mimi ningechoma katikati. Wakulima hamjui mkuki."

Sijui kilianza kicheko au kilio. Vilitoka pamoja, kwa Baba, kwa Bibi, hata kwa wale vijana waliobeba machela. Kabyemera alifungua kiganja chake, mlikuwa na tunda moja la kahawa, akalipasua kwa meno. Punje moja akampa Baba, nyingine akaitia mdomoni mwake. Bila damu safari hii. "Damu imekwisha kutoka ya kutosha," alisema. Baba alimeza. Kisha akamwambia Mama, kwa sauti ya mtoto, "Kuna uji?" Nilikimbia jikoni mwenyewe.

Mkono wa Kabyemera haukuinuka tena kupita sikio, wala haukuweza kukamua. Kwa hiyo Ishengoma alikuwa akivuka rweya kila alfajiri kwenda kumkamulia ng'ombe, na Bihogo akiwemo, mpaka yule mzee alipofariki. Mpira hakuugusa tena.

Ningependa niishie hapo. Baba yangu alipona, ni mtu wa kujivunia, na kila mtu Kanyinya anaijua hadithi ya machela. Lakini masika yaliyofuata enduru ilipigwa chini ya mlima, kwa mjane mmoja, fisi wameingia kwa mbuzi wake. Nilimwona Baba ameruka, ameshika mkuki, amefika mlangoni. Akasimama. Alikuwa anasikiliza. Na kutoka mdomoni mwa baba yangu, mtu ambaye hajawahi kutembea enduru ikilia, likatoka neno lililonitia baridi kuliko damu yote ya rweyani: "Ni ya kweli, au ni ya mpira?" Alikwenda, ndiyo. Alikwenda baada ya kuuliza. Na mlangoni kwa kila jirani kulikuwa na mwanaume amesimama hivyo hivyo, anauliza hivyo hivyo. Walipofika mjane alikuwa na kamba mikononi, mbuzi hakuna.

Sasa mimi ndiye bibi. Nina kibanja ambacho hamna kama hicho upande huu wote, na nina wajukuu ambao wamevaa jezi nyekundu na jezi za njano za timu za Dar es Salaam, watu ambao hawajawahi kuwaona wala kula nao ndizi. Mmoja wao alirudi kutoka kibanda cha kuangalia mpira hana jino. Nikamuuliza, nani kakutoa jino? Ananitajia rafiki yake mwenyewe, aliyebatizwa naye siku moja. Nikashika kichwa. Nilidhani ujinga ule ulizikwa na mpira wa Kampala, kumbe ulikuwa umelala tu tumboni, kama punje.

Na Jumamosi moja, mchana kweupe, jiko langu la nyasi lilishika moto. Nikapiga enduru. Kwa umri huu, kwa pumzi hizi, niliipiga kama Bibi alivyonifundisha, mpaka koo likawaka. Kibanda cha mpira kiko hapo chini tu, kimejaa vijana wenye mikono. Wakanijibu. Unajua walinijibu nini? "Gooooli!" Wakapuliza na mavuvuzela yao. Walidhani bibi yao naye anashangilia.

Aliyekuja ni mmoja. Paskazia, ambaye aliolewa hapa Kanyinya, mgongo umempinda kama wangu, alitokea kati ya migomba mbio, mbio za kizee, ndoo ya maji mkono mmoja na mundu mkono mwingine. Tukamwaga maji yake, tukakata nyasi kuzuia nyumba kubwa isishike, jiko likateketea mbele yetu. Tulipokaa chini, tumekuwa weusi kwa masizi, nikamwambia, "Mbona hukuuliza kama ni ya kweli?" Akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Koku," akasema, "mimi na wewe tuulizane?"

Mjukuu wangu alifika mpira ulipokwisha, vuvuzela shingoni. Akaona majivu. Akasema, "Kumbe ilikuwa kweli, bibi?"

Zamani tulikuja wote, tukachomana kwa kosa. Leo hakuna anayechomwa kwa kosa, kwa sababu hakuna anayekuja. Mimi sikusoma, siwezi kuwaambia lipi ni afadhali. Ninachojua ni kwamba Paskazia aliusahau mundu wake kwangu siku ile. Nimeuegemeza mlangoni, mahali pa mkuki wa Baba, na yeye hajauulizia.